Molekuli Ndogo Zing'aazo: Kemia ya Rangi na Swali la Zebaki Mongbwalu

Mhadhara kwa wafanyakazi wa maabara, walimu wa kemia na wachimbaji, Mongbwalu, Ituri



Mji huu unaishi kwa mizani. Tangu dhahabu ilipogunduliwa upande wa Kilo mwaka 1903, watu wa hapa wamehesabu thamani kwa gramu na kwa vipande vya gramu. Kwa hiyo nitaanza na bei. Kuna unga unaotengenezwa katika maabara za kemia ambao miligramu moja yake huweza kuuzwa kwa mamia ya dola. Gramu kwa gramu, dhahabu haiukaribii. Unga huo ni rangi: molekuli ndogo, iliyojengwa hasa kwa kaboni, hidrojeni, oksijeni na nitrojeni, ambayo ikipigwa na mwanga wa rangi moja hutoa mwanga wa rangi nyingine. Watafiti wa biolojia huifunga kwenye kingamwili, kwenye kipande cha DNA au kwenye protini ndani ya seli iliyo hai, kisha hufuata mwanga wake kujua kitu kiko wapi na kinafanya nini.

Malighafi ya rangi hizo, mara nyingi, ni rahisi. Kinacholipiwa ni akili iliyochora molekuli hiyo na siku nyingi za kuisafisha. Neno langu la leo ni moja: mwanga wa molekuli hutegemea umbo lake, na umbo hilo hutengenezwa na mtu, hatua kwa hatua, kwa kemia inayofundishika. Anayelijua hilo ana uwezo wa kutengeneza molekuli ya kujibu swali lake mwenyewe. Na Mongbwalu ina swali.

Tuanze na rangi ambayo watu wa maabara mnaijua. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka hubaki na mapafu yaliyochoka, na kifua kikuu humshika kwa urahisi zaidi. Akileta makohozi, mnayapaka kwenye kioo, mnayakausha, mnayamwagia auramini, mnayaosha kwa asidi iliyochanganywa na alkoholi, kisha mnaongeza pamanganeti ili mandhari ya nyuma yawe giza. Chini ya mwanga wa buluu, bakteria wa kifua kikuu huonekana kama vijiti vya manjano-kijani.

Auramini O ilitengenezwa na wanakemia Heinrich Caro na Alfred Kern mwaka 1883, kwa ajili ya kutia rangi nguo na karatasi. Hakuna aliyekuwa akifikiria mapafu. Ni mwaka 1937 ndipo Mjerumani Hagemann alipoonyesha kwamba inawashika bakteria hawa. Sababu yake nataka muielewe vizuri, maana ndiyo ufunguo wa mambo mengine yote nitakayosema. Auramini ikiwa majini peke yake karibu haing'ai. Ina pete mbili za atomi zinazozungukazunguka kwenye kiungo chake cha kati, na nishati ya mwanga iliyomezwa huishia katika mzunguko huo na kugeuka joto. Ukuta wa bakteria wa kifua kikuu umejaa asidi za mafuta mazito kama nta. Auramini ikinasa humo, pete hukosa nafasi ya kuzunguka, nishati haina njia nyingine ya kutokea, nayo hutoka kama mwanga. Bakteria ameishika molekuli ikatulia, na kwa kuishika amejitangaza.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia hadubini zenye taa za LED kwa kazi hii. Zina faida ya kuona wagonjwa wengi zaidi kuliko njia ya Ziehl-Neelsen, na kwa kuwa mtu husoma kwa ukuzaji mdogo, anafunika eneo kubwa la kioo kwa muda mfupi. Taa za zamani za hadubini za aina hii zilikuwa za mvuke wa zebaki. Zilikuwa ghali, zilichoka baada ya saa mia chache, na zilihitaji chumba cha giza. Kwa mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka, LED inayotumia betri imebadilisha kazi kweli kweli.

Kutoka hapo fundi wa maabara anaweza kujielezea mambo ambayo kitabu cha taratibu humwamuru tu. Kwa nini chupa ya auramini iwe nyeusi? Kwa sababu molekuli inayomeza mwanga mara kwa mara huishia kuvunjika. Kwa nini slaidi isiachwe juu ya meza dirishani mpaka kesho? Kwa sababu hiyo hiyo. Slaidi iliyofifia inaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani na jibu la uongo, akawaambukize watoto. Naona ni haki ya fundi kujua sababu, na ni haki ya mgonjwa kuhudumiwa na fundi anayeijua.

Walimu, sasa nawageukia ninyi. Molekuli ya kwanza kusomwa kwa makini kwa ajili ya mwanga wake ilikuwa kwinini. John Herschel aliuona mwanga wa buluu kwenye maji ya kwinini mwaka 1845, na George Stokes akaueleza mwaka 1852: mwanga usioonekana, wa urujuanimno, unamezwa, na mwanga unaoonekana, wenye nishati ndogo zaidi, unatoka. Kwinini si mgeni kwetu. Miti yake imelimwa Kivu kwa miongo mingi, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kikiitoa kwenye maganda. Kwa hiyo mashariki ya Kongo imekuwa ikizalisha molekuli ing'aayo muda wote huu, tukiihesabu kuwa dawa ya malaria peke yake.

Somo hili linafanyika darasani bila maabara. Chukua kidonge cha sulfati ya kwinini, ukisage, utie unga kidogo kwenye glasi ya maji yenye siki nyeupe, uache utulie. Kisha azima kwa mnunuzi wa dhahabu ile taa anayokagulia noti za dola. Taa hiyo hutoa urujuanimno, na glasi itawaka buluu. Wanafunzi wasiangalie taa yenyewe, na glasi hiyo isinywewe. Halafu tia kijiko cha chumvi ya kula na ukoroge: buluu itafifia mbele ya macho yao. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huigonga molekuli ya kwinini kabla haijatoa mwanga wake, na kuipokonya nishati.

Darasa litashangilia, lakini msiishie hapo. Waambieni kwamba mwaka 1987 Nicholas Illsley na Alan Verkman walichukua kiini cha molekuli za ukoo huu, kile chenye pete mbili kinachoitwa kwinolini, wakafunga kwenye nitrojeni yake mkono mdogo wenye sulfonati, wakapata rangi iitwayo SPQ inayofifia kadiri kloridi inavyoongezeka. Kwa rangi hiyo watafiti waliweza kufuata jinsi chumvi inavyoingia na kutoka ndani ya seli hai, jambo lililosaidia utafiti wa ugonjwa wa kurithi wa mapafu ambamo mlango wa kloridi kwenye seli umeharibika. Kutoka glasi ya siki mpaka chombo cha utafiti, tofauti ni mkono mmoja wa molekuli.

Sasa tuingie jikoni kwa mwanakemia. Mwaka 1871 Adolf von Baeyer aliyeyusha pamoja vitu viwili, resosinoli na anhidridi ya ftaliki, akavipasha moto, akapata fluoreseini. Molekuli mbili za resosinoli hujishika kwenye anhidridi moja, maji hutoka, na zile pete hufungwa kwa daraja la oksijeni zikawa bamba moja bapa, gumu. Mmeshaelewa kwa nini ugumu huo ni muhimu: hakuna kuzunguka, kwa hiyo nishati hutoka kama mwanga, kijani kikali. Rangi hii ni kali kiasi kwamba mwaka 1877 kilo 10 zake zilizomwagwa katika mto Danube kule Ujerumani, mahali maji yanapozama ardhini, zilionekana kwenye chemchemi ya Aach baada ya takriban saa 60, na ubishi wa maji hayo yanakwenda wapi ukaisha. Nawaachia jambo hilo wale ambao mna ubishi wenu wa maji ya mashimo.

Lakini fluoreseini tupu haijui kushika kitu. Ili ifae katika biolojia lazima iwe na ndoano. Mwanakemia huanza na anhidridi ya ftaliki yenye kundi la nitro, hutengeneza fluoreseini kwa njia ile ile, hugeuza nitro kuwa amini, kisha amini kuwa isothiosianati, kundi linalopenda sana amini za protini. Ukilichanganya na kingamwili katika maji yenye alkali kidogo, linajifunga na halitoki. Hiyo ndiyo FITC. Aliyefungua njia ni Albert Coons wa Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa wa kwanza kufunga rangi ing'aayo kwenye kingamwili na kuitumia kutafuta vijidudu ndani ya mnofu wa mwili. Sisi wa Ituri tunamdai shukrani Coons, kwa sababu tauni haijaondoka katika nyanda zetu za juu, na kingamwili yenye FITC inayoshika protini ya F1 ya bakteria wa tauni ni mojawapo ya njia za kumtambua haraka.

Hapo ndipo bei inapopatikana, na naomba niikalie kidogo. Ile nitro inaweza kukaa mahali pawili tofauti kwenye pete, na mmenyuko hutoa aina zote mbili zikiwa zimechanganyika. Zina uzito sawa, rangi sawa, atomi zile zile. Lakini zikifungwa kwenye protini hazikai kwa namna moja, na mtafiti anayetumia mchanganyiko hatapata matokeo yanayorudiwa sawasawa. Kuzitenganisha ni kazi ya kupitisha kioevu kwenye safu ya silika, tone kwa tone, kukusanya vichupa, kuweka doa la kila kichupa kwenye bamba jembamba, kuangalia chini ya taa, kutupa vilivyochanganyika, na kurudia. Mtu anaweza kuanza Jumatatu na gramu kadhaa za matope ya rangi ya chungwa, akamaliza wiki na miligramu zinazofunika ncha ya kisu. Mwenye kuosha mchanga wa dhahabu ataielewa kazi hiyo kabla sijamaliza kuieleza.

Fluoreseini ina udhaifu: hufifia katika asidi na huchoka upesi kwenye mwanga. Ukiondoa oksijeni zake za pembeni na kuweka nitrojeni zenye mikono ya kaboni, unapata ukoo wa rodamini, wenye rangi ya waridi na uvumilivu mkubwa zaidi. Rodamini nazo zina tatizo, na ni lile lile la auramini: ile mikono ya nitrojeni huzunguka na kuvujisha nishati. Mwaka 2015 Luke Lavis, Jonathan Grimm na wenzao wa kituo cha utafiti cha Janelia, huko Virginia, Marekani, walilitatua kwa namna inayonifurahisha kila ninapoifundisha. Badala ya vikundi viwili vya kaboni vinavyoning'inia kwenye nitrojeni, waliviunganisha kwa kaboni moja zaidi kuwa pete ndogo ya pembe nne, azetidini. Nitrojeni ikakosa uhuru wa kujipinda. Katika rodamini ya zamani, kwa kila fotoni 100 zilizomezwa zilitoka 41. Katika ile mpya zikatoka 88. Njia waliyotumia ilianza na fluoreseini, ile ile ya Baeyer, ambayo waliibadilisha kuwa kiunzi cha kupokea amini yoyote kwa msaada wa kichocheo cha paladi. Rangi hizo wamekuwa wakizigawa kwa maabara nyingi duniani bila malipo, na kwa hilo nawaheshimu sana, maana kemia hiyo wangeweza kuifungia ndani ya kabati la kampuni.

Rangi za namna hii zilifika Ituri kwa wingi wakati wa Ebola, ingawa wengi hawakujua. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020 uliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini. Sampuli zipatazo 220,000 zilipimwa. Kazi kubwa ilifanywa na mashine za GeneXpert, chini ya uongozi wa INRB (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Ndani ya kila kartriji, chembe za urithi za kirusi hunakiliwa tena na tena, na kinachoiambia mashine kwamba zipo ni mwanga wa rangi iliyofungwa kwenye vipande vifupi vya DNA.

Kartriji ya kwanza ya kifua kikuu, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, ndiyo inayoonyesha ufundi huu waziwazi. Inatumia vipande vilivyobuniwa mwaka 1996 na Sanjay Tyagi na Fred Russell Kramer wa New York. Kila kipande kimejikunja kama kisu cha mfukoni. Ncha moja ina rangi, ncha nyingine ina molekuli ya kuzima mwanga, na zikiwa karibu hakuna kinachoonekana. Kipande kikikuta DNA inayolingana nacho, hukunjuka, ncha huachana, mwanga hutoka. Vipande vitano vyenye rangi tano hugawana kisehemu cha herufi 81 cha jeni iitwayo rpoB. Rangi zote tano zikiwaka, bakteria yupo na rifampisini itamuua. Moja ikikataa kuwaka wakati nyingine zinawaka, kuna herufi iliyobadilika, na mgonjwa anahitaji dawa nyingine. Bila wanakemia waliotengeneza rangi zinazotofautiana vya kutosha kusomwa pamoja katika tone moja, kipimo hicho kisingekuwepo.

Nafika kwenye swali la Mongbwalu. Kila mmoja hapa anajua safari ya zebaki. Mchanga uliooshwa unatiwa zebaki kwenye beseni, inashika dhahabu, inakamuliwa kwa kitambaa, kisha donge linachomwa. Sehemu moja inapanda na moshi, nyingine inaingia kwenye vijito vinavyoelekea Mto Ituri. Kwenye tope la mto bakteria huigeuza kuwa metili-zebaki, inayopanda kutoka vijidudu hadi samaki hadi mama mjamzito na ubongo wa mtoto tumboni. Wajapani waliyaona hayo Minamata mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017.

Mwaka 2005 Jinsung Tae na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Korea Kusini, walitengeneza rodamini inayoiona zebaki. Rodamini ina tabia ya kujifunga: kundi lake la pembeni likigeuka na kujishika katikati, bamba huvunjika katika nusu mbili na mwanga na rangi hupotea kabisa. Waliifunga hivyo makusudi, na kwenye kufuli wakaweka atomi ya salfa. Zebaki na salfa hushikana kuliko karibu chochote kingine. Zebaki iliyoyeyuka ikija, huing'oa salfa, atomi zilizobaki hujipanga kuwa pete mpya, kufuli hufunguka, na maji yasiyo na rangi hugeuka waridi na kung'aa. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba molekuli hiyo inaingia ndani ya seli na ndani ya samaki wadogo wa maabara, ikaonyesha zebaki ilipojikusanya.

Kinachonifanya niisimulie hapa ni urahisi wa kuitengeneza. Malighafi ni rodamini 6G, rangi ya kawaida sokoni. Hatua ya kwanza: ichemshwe na hidrazini katika alkoholi. Hatua ya pili: kilichopatikana kichanganywe na fenili isothiosianati. Hatua mbili, hakuna paladi, na maendeleo ya kazi yanafuatwa kwa bamba jembamba na taa. Wanafunzi wa kemia wa Kisangani au Bunia, wakiwa na msimamizi, kabati la kuvuta moshi, glavu na nidhamu, wanaiweza. Hidrazini ni sumu kali na haifai kuguswa pasipo vifaa hivyo. Kwa hiyo kazi hii ni ya chuo kikuu, na haifanywi darasani wala nyumbani.

Vijana wa karieri, yaani machimbo, wataniuliza kama kuna rangi ya kuonyesha dhahabu. Ipo. Mwaka 2009 kundi la Juyoung Yoon, Korea Kusini, lilitengeneza rodamini inayofunguliwa na ayoni za dhahabu. Lakini inaona dhahabu iliyoyeyuka kwenye kioevu. Dhahabu iliyo ndani ya mwamba ni metali, nayo haiigusi rangi hiyo. Asije mtu akawauzia chupa ya waridi kwa ahadi ya kuonyesha mshipa.

Mpaka huo huo unahusu zebaki. Molekuli ya Tae huona zebaki iliyo katika hali ya ayoni majini. Mvuke unaopanda donge linapochomwa haiugusi, kwa hiyo maji yasiyogeuka waridi hayasemi kwamba chumba cha kuchomea ni salama. Kwa mvuke, dawa ya leo ni kuchomea ndani ya chombo kilichofungwa kinachorudisha zebaki, na kuchomea mbali na jiko na watoto. Na kwa kuwa salfa iking'olewa hairudi, kila kichupa kinatumika mara moja.

Kwa hiyo watakaoianza kazi hii wachukue maji mahali patatu: juu ya mashimo ambako hakuna anayeosha, kwenye bwawa la kuoshea lenyewe, na chini ya mto ambako watu huchota na kuvua. Wawe na maji safi waliyoyatia zebaki kwa kipimo kinachojulikana, ili wajue waridi kiasi gani ni zebaki kiasi gani. Wachuje tope, maana maji ya tope huzuia mwanga na kudanganya macho. Na sehemu ya kila sampuli ipelekwe kwenye maabara yenye mashine ya kupima metali, ili jibu la rangi lilinganishwe na jibu la mashine kabla halijatangazwa kwa wavuvi na kwa wanawake wanaouza samaki sokoni.